Exoplanet Watch ya NASA: nimepima nayo sayari ya moto HAT-P-32 b, maoni yangu haya hapa

Wakuu, kuna huduma moja ya bure nataka niiongelee kwa kirefu, maana naona watu wengi huku kwetu wanaopenda mambo ya anga wanaishia kuangalia video na picha za kuchora, alafu wanaamini kwamba kupima sayari ya nyota nyingine ni kazi ya watu wenye madarubini ya mabilioni. Sio kweli kabisa. Huduma yenyewe inaitwa Exoplanet Watch, ni mradi wa NASA wa kushirikisha raia wa kawaida, na kazi yako humo ni kuipima mwenyewe sayari inayozunguka nyota ya mbali, unapata saa na dakika ambayo sayari ilipita mbele ya nyota yake, na kipimo chako kinaingia kwenye hazina ya data ambayo wanasayansi wanaitumia kweli. Darubini sio lazima. Digrii sio lazima. Laptopu hata ya zamani, akaunti ya Google na bando la kawaida, basi.

Nianze na sayari, maana ndo inayofanya huduma yote iwe na ladha. Wanaoanza wanapewa HAT-P-32 b. Hilo jina limetokana na HAT, mtandao wa darubini ndogo zinazojiendesha zenyewe ulioanzishwa na Gáspár Bakos wa Hungaria, lenzi zake zina upana wa sentimita 11 tu, na kwa vilenzi hivyo wamegundua sayari kibao. Hii ya 32 ilitangazwa 2011. Ni jitu la gesi, halina ardhi ya kukanyaga, upana wake ni kama mara 1.8 ya Jupita lakini uzito wake haufikii hata Jupita moja, yaani limevimba kwa joto. Na joto lenyewe sio la mchezo, ni kama nyuzi 1,500 za Selsiasi, kwa sababu limekaa kilomita milioni 5 hivi kutoka kwenye nyota yake wakati sisi tuko milioni 150 kutoka kwenye Jua. Mwaka wake mzima ni siku 2, saa 3 na dakika 36. Ukilala Jumatatu ukaamka Alhamisi kule mwaka mpya umeshapita.

Alafu kuna kitu kimeonekana juzi juzi tu ambacho mimi kinanisisimua kila nikikifikiria. Mwaka 2023 watafiti waliotumia darubini ya Hobby-Eberly kule Texas walitangaza kwamba hii sayari inavuja. Gesi ya heli inatoka kwenye anga lake na kutengeneza mikia miwili mikubwa mno, mmoja unatangulia mbele ya sayari na mwingine unafuata nyuma, na kwa jumla imetanuka zaidi ya mara 50 ya nusu kipenyo cha sayari yenyewe. Nyota inaipika sayari mpaka inamwaga hewa yake angani. Sayari za aina hii wanaziita Jupita moto, na ya kwanza kupatikana kwenye nyota inayofanana na Jua ni 51 Pegasi b, 1995, kazi ya Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva ambao walikuja kupata Nobeli 2019. Kabla ya hapo karibu kila mtu aliamini majitu ya gesi lazima yakae mbali na nyota yao, kwenye baridi, kama Jupita na Zohali wetu.

Sasa huduma inafanyaje kazi. Hamna mtu anayeiona HAT-P-32 b kwa macho wala kwa picha, kinachopimwa ni mwanga wa nyota. Kila siku 2 na ushee sayari inapita katikati yetu na nyota, na kwa kama saa 3 nyota inafifia kwa asilimia 2 na kidogo, alafu inarudi kama kawaida. Fikiria nondo anapita mbele ya taa ya mnara wa simu na wewe uko kijiji cha pili, nondo humuoni ila ukiwa na kifaa kizuri utajua taa imepungua kidogo. Ndo hicho. Mpito huo ukiupima vizuri unajua upana wa sayari na unajua dakika yenyewe ya katikati ya mpito, na hiyo dakika ndo dhahabu ya mradi huu, nitaeleza kwa nini.

Programu yao inaitwa EXOTIC na inaendeshwa ndani ya Google Colab, maana yake hesabu zote nzito zinafanyika kwenye kompyuta za Google, laptopu yako kazi yake ni kuonyesha ukurasa tu. Hili kwangu ndo jambo kubwa kuliko yote kwenye huduma nzima. Mtu mwenye mashine iliyochoka, ile ukifungua kurasa tano feni inaanza kupiga kelele, anapata matokeo yale yale sawa na mwenye mashine ya milioni 4. Bando nalo haliliwi sana kwa sababu picha hazipiti kwako, zinatoka kwenye hifadhi yao kwenda moja kwa moja kwenye Colab. Hujui Python, ile lugha ya kuandikia programu? Hamna shida, unabonyeza vitufe vya pleyi kimoja baada ya kingine kutoka juu kwenda chini na kujaza unapoulizwa.

Data ya mazoezi ni picha 142 za tarehe 20 Desemba 2017, zilizopigwa na darubini ya inchi 6 ya MicroObservatory, huo ni mtandao wa darubini za roboti wa kituo cha Harvard na Smithsonian. Inchi 6, yaani kioo kinachoingia kwenye sahani ya chai! Ukifungua picha moja unakuta weusi wenye punje punje za kelele, yaani chembe za kamera zisizo na maana, na vidoa vyeupe vichache, hamna rangi, hamna uzuri wowote wa kuweka kwenye ukuta. Hapo unatakiwa kutambua kidoa kipi ni HAT-P-32. Unawekewa ramani ya nyota pembeni, unalinganisha umbo, hizi tatu zimekaa pembe tatu, ile iko peke yake kushoto, alafu ukipeleka kimshale juu ya kidoa unasoma namba mbili, ya kulala na ya kusimama, unaziandika. Baada ya hapo unachagua nyota jirani za kulinganishia, zile ambazo mwanga wake hautetereki, ili kama wingu jembamba limepita likafifisha picha nzima programu ijue ni wingu na wala sio sayari. Hapa chukueni muda wenu jamani. Nyota ya kulinganishia ikiwa hafifu mno, au imekaa ukingoni kabisa mwa picha, matokeo yanakuwa vurugu, na programu haitakukemea, itakupa grafu mbaya kimya kimya.

Nilikaa na mpwa wangu wa kidato cha tatu tukaifanya pamoja, na swali lake la kwanza lilikuwa zuri kuliko maelezo mengi niliyosoma. "Mjomba, sasa sayari yenyewe iko wapi hapa?" Nikamwambia haipo kwenye picha hata moja, subiri. Tukaacha EXOTIC ikalinganisha picha zote 142, ikapanga nyota zikae mahali pamoja, ikajaribu duara kubwa na dogo za kukusanyia mwanga, alafu ikaanza kutafuta mchirizi unaoendana na vidoti. Hii sehemu ya mwisho inachukua muda, msikae mkidhani imekwama, kama kile kiduara kinazunguka basi kazi inaendelea. Grafu ilipotoka ilikuwa na vidoti vya kijivu vimetawanyika juu kushoto, vinashuka taratibu, vinakaa chini kama bakuli bapa, vinapanda tena kulia, na mstari mwekundu umepita katikati yao. Dogo akaweka kidole pale bondeni akasema "ndo hii". Ndo hiyo. Kutoka pale chini kwenye lile bonde alijua kwamba kuna kitu kikubwa kuliko Jupita kimepita, na yeye ndo kakiona, hajaambiwa na mtu.

Chini ya grafu programu inaandika majibu. Uwiano wa upana wa sayari kwa nyota, unakuwa karibu 0.15, ukiupiga kwa wenyewe unapata hiyo asilimia 2 na kidogo ya kufifia. Na muda wa katikati ya mpito, namba ndefu inayoanza na 2458107, hiyo ni tarehe kwa hesabu ya wanaanga ya kuhesabu siku mfululizo bila miezi wala miaka. Ukiigeuza inakuja kama saa 2 na dakika chache asubuhi kwa saa zetu, tarehe 20. Kule Arizona zilipo hizo darubini ilikuwa saa 4 usiku ya tarehe 19. Shikeni hiyo tofauti, nitairudia.

Na nyota yenyewe iko umbali wa miaka nuru 930 hivi, yaani mwanga wake unasafiri miaka 930 hivi mpaka utufikie. Yale maandishi ya mwaka 1107 kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wakati yanachongwa, mwanga ulioingia kwenye darubini usiku ule wa Desemba ulikuwa tayari uko njiani.

Sasa kwa nini NASA wahangaike na vipimo vya mimi na wewe wakati wana James Webb? Kwa sababu Webb ni darubini moja na dunia nzima inaigombania, kila saa yake ina foleni. Ukitaka Webb iangalie anga la Jupita moto, kama ilivyofanya 2022 kwa WASP-39 b ikaona hewa ukaa, lazima ujue mpito unaanza saa ngapi. Na hizo ratiba zinachakaa. Chukua hii HAT-P-32 b, kwa mwaka inapita mara 170. Kama urefu wa mwaka wake umekosewa kwa sekunde 1 tu, baada ya mwaka mmoja umekosea karibu dakika 3, baada ya miaka 10 umekosea kama dakika 28, na sayari yenyewe inapita kwa saa 3. Kwa sayari ambazo kipimo chake cha mwanzo kilikuwa kibovu zaidi kosa linafika masaa, unaelekeza darubini ghali kuliko zote duniani kwenye nyota na sayari imeshapita zamani. Dawa yake ni kupima mara nyingi, mwaka hadi mwaka, na hakuna darubini kubwa yenye nafasi ya kufanya hivyo kwa mamia ya sayari. Hapo ndo sisi tunaingia, na hapo ndo naona huu mradi una heshima, hawakupi kazi ya kukuchangamsha, wanakupa kazi inayohitajika.

Ukimaliza mazoezi unaweza kuomba picha ambazo hazijachambuliwa na mtu, za sayari nyingine, unapima, alafu unapeleka matokeo AAVSO, kile chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga, kipo tangu 1911. Unajisajili bure, unapewa herufi zako za utambulisho, na EXOTIC inakutengenezea faili la kupandisha, wewe huandiki kitu. Kipimo chako kikitumika kwenye chapisho la kisayansi jina lako linaingia kama mwandishi mwenza. Mwanafunzi wa sekondari wa Tabora au Kakamega jina lake kukaa kwenye karatasi moja na maprofesa, kwa kazi aliyoifanya kweli, mimi hilo nalipa uzito mkubwa sana.

Yasiyonifurahisha sasa. Kila kitu ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu, maelekezo yanadhani unajua tayari istilahi zao. Mtoto anayesoma kwa Kiswahili anahitaji mtu wa kukaa naye mara ya kwanza, akishaelewa mtiririko anaenda mwenyewe. Maelekezo yamegawanyika sehemu nyingi, huku ukurasa wa mradi, huku daftari la Colab, huku AAVSO, ningependa kuwe na njia moja iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho. Na Colab inataka intaneti isiyokatika, ukiacha ukurasa muda mrefu bila kugusa kitu inajifunga na unaanza upya. Mtandao wa simu ninaotumia mimi, kampuni siitaji, jioni unakatika katika, kwa hiyo kazi hii naifanya usiku wa manane au alfajiri, inatulia. Kwenye simu inafunguka lakini siwashauri, kuchagua kidoa sahihi kwa kidole kwenye kioo kidogo ni mateso.

Jueni pia kwamba picha za darubini za roboti sio zote nzuri. Usiku mwingine mawingu yameingia katikati ya mpito, au picha zimeanza sayari ikiwa imeshaingia mbele ya nyota kwa hiyo upande mmoja wa bonde haupo. Grafu kama hiyo ni sahihi kuripoti kwamba haifai, msilazimishe bonde pale ambapo halipo. Uaminifu kwenye hili ndo sayansi yenyewe.

Kuna watu wataniuliza mbona usiseme Eyes on Exoplanets, ile nyingine ya NASA ya pande tatu. Ni nzuri kwa macho, watoto wadogo wataipenda, unazunguka sayari unaona mawingu na rangi, ila kumbuka zile rangi zimechorwa na wasanii kwa kukisia kutokana na vipimo. Planet Hunters TESS ya Zooniverse, tovuti ya raia kusaidia utafiti, nayo iko vizuri na inaenda hata kwenye simu, unaangalia grafu unabonyeza palipopungua mwanga, ni rahisi zaidi, unatafuta sayari mpya. Kwa mtu asiye na muda ningemwambia aanzie Planet Hunters. Kwa mtu anayetaka kuelewa namba inatokeaje, kuanzia kidoa cheupe hadi dakika ya mpito, Exoplanet Watch haina mpinzani kwa ninavyoona. Naipa 4.5 kati ya 5, hiyo nusu imeondoka kwa sababu ya lugha na maelekezo kutawanyika.

Nirudi kwenye ile tofauti ya masaa. Mpito wa saa 4 usiku Arizona huku kwetu jua limeshatoka, na kinyume chake pia, mipito mingi inayotokea usiku wetu wale wa Marekani wako mchana hawaoni kitu. Kwa hiyo mtu mwenye darubini yake ndogo na kamera Dodoma, Nairobi au Bujumbura anaziba pengo ambalo wao hawawezi kuliziba hata wakitaka. Kwa HAT-P-32 b tuko vibaya kidogo, iko kaskazini kwenye kundi la Andromeda, ukiwa Dar haipandi zaidi ya nyuzi 36 hivi juu ya upeo, na msimu wake mzuri wa jioni ni Novemba na Desemba ambapo vuli inakuwa imetuwekea mawingu.

Ila kuna nyingine ambayo naona ni yetu kabisa. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaanga uligawia kila nchi iliyoshiriki nyota moja na sayari yake izipe majina, na Tanzania ikapata WASP-71, nyota sasa inaitwa Mpingo na sayari inaitwa Tanzanite. Kenya walipata HD 83443 wakaiita Kalausi na sayari yake Buru, Kijaluo hicho, upepo wa kisulisuli na vumbi. Zote mbili ni Jupita moto! Buru haipiti mbele ya nyota yake ukitazama kutoka hapa, kwa hiyo kwa njia hii haipimiki. Tanzanite inapita, kila siku 2.9, na Mpingo iko karibu kabisa na ikweta ya anga kwenye kundi la Nyangumi, ina maana ukiwa Dar, Arusha au Mombasa inapanda karibu na utosi, mahali pazuri kuliko popote pa kupimia. Shida yake ni kwamba Mpingo ni nyota kubwa, upana wake zaidi ya mara 2 ya Jua, kwa hiyo Tanzanite inapopita inafifisha mwanga kwa chini ya nusu asilimia. Bonde lake ni dogo mara tano ya lile la HAT-P-32 b, ukiwa na darubini ya inchi 6 linazama kwenye kelele, unahitaji kioo kikubwa zaidi, kamera iliyotulia na usiku usio na wingu hata moja.

Kwa mwalimu wa fizikia au mlezi wa klabu ya sayansi anayesoma hapa, fanya hivi: siku ya kwanza endesha data ya mazoezi peke yako mpaka upate bonde, siku ya pili wapeni wanafunzi picha ile ile wawili wawili, kila kundi lichague nyota zake za kulinganishia, alafu bandikeni grafu zote ukutani mlinganishe nani kapata vidoti vilivyotulia na kwa nini. Akaunti ya AAVSO fungueni baadaye, mkishapata angalau mpito mmoja ambao sio wa mazoezi.